Mteja wa Saluni Hufuata Mkono

Tuanze na jambo linalotokea karibu kila mtaa wa Dar es Salaam, Sinza hadi Mbagala, na ambalo wa Mwanza na Morogoro nao wanalijua. Mwanamke ana saluni yake, ameikuza kwa miaka, wateja anawajua kwa majina na kwa majina ya watoto wao. Asubuhi moja fremu ya tatu kutoka kwake inapakwa rangi ya waridi, vinaingizwa vioo, viti na draya mbili, na kabla wiki haijaisha bango limetundikwa: rasta elfu 25, mtindo wowote. Yeye anasuka kwa elfu 30. Jumamosi ya kwanza mteja wake wa siku zote anapita mlangoni macho yakiwa kwenye simu, anaingia kwa jirani. Usiku ule mwenye saluni halali. Anajiuliza ashushe bei au asishushe. Ninachotaka kukieleza leo ni kwamba anaanza na swali ambalo lingepaswa kuja mwisho. Mteja wa saluni hufuata mkono unaomsuka. Bango humvuta mara moja, mkono humrudisha mwaka mzima. Kwa hiyo anayetaka kubaki na wateja wake aanze kwa kumtazama msusi wake, ndipo ageukie bei.

Tufanye hesabu kwanza, maana bei ni tarakimu na tarakimu hazina hasira. Tuseme kichwa kimoja cha rasta ni shilingi 30,000. Pakiti za rasta zimegharimu 9,000. Msusi analipwa asilimia 40, yaani 12,000. Umeme wa LUKU, maji, mafuta na vikorokoro vingine tuvihesabu 2,000. Mwenye saluni amebakiwa na 7,000, na humo ndimo anamotafuta kodi ya fremu, leseni na chakula cha wanawe. Sasa ashushe bei ifike 25,000 kama ya jirani. Rasta ni zilezile 9,000, umeme na maji ni yaleyale 2,000, asilimia 40 ya msusi imekuwa 10,000. Kilichobaki ni 4,000. Zamani vichwa 10 kwa wiki vilimletea 70,000. Leo ili aipate 70,000 ileile anahitaji vichwa 17 na nusu, tuseme 18. Amepunguza bei kwa sehemu moja ya sita tu, na kazi imekaribia kuwa mara mbili. Muuza soda angeweza kusema hewala, nitauza kreti nyingi zaidi. Msusi hawezi. Kichwa kimoja cha rasta nyembamba kinaweza kula saa tano au sita, na mikono ni miwili. Kwa vichwa viwili kwa siku, vichwa 18 ni kazi ya siku tisa, na wiki haina siku tisa. Hapo ndipo biashara ya saluni inapotofautiana na duka: anachouza mwenye saluni ni saa za mtu, na saa haziongezeki kwa sababu bango limebadilishwa.

Tena tazama ni nani aliyelipa punguzo lile. Mwenye saluni amepoteza 3,000, msusi amepoteza 2,000 kwa kila kichwa, na mgongo umeuma vilevile. Bei ya chini lazima itoke mahali, na katika saluni milango ya kutokea ni michache. Inaweza kutoka kwenye kodi, kwa mfano mwenye fremu ni shangazi yake. Inaweza kutoka kwenye vifaa, yaani rasta hafifu au dawa ya nywele iliyochanganywa na kuongezewa maji. Inaweza kutoka kwenye muda, msusi mmoja akishika vichwa vitatu kwa wakati mmoja na kila mteja akikaa nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima. Na mara nyingi inatoka kwenye ujira wa msusi, tena binti anayejifunza kazi, ambaye hulipwa nauli na sahani ya wali. Kabla hujamwogopa jirani, jiulize nafuu yake anaitoa wapi. Kama anaitoa kwenye kodi, atadumu nayo, na wewe huna la kumfanya. Kama anaitoa kwenye dawa, kwenye muda au kwenye jasho la msusi, nafuu hiyo ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ataisoma mteja kichwani mwake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mkono. Mteja anapokaa kitini kwa msusi anayemjua, halazimiki kueleza kitu. Msusi anajua kwamba nywele za utosini ni ngumu na za kisogoni ni laini. Anajua kwamba pembeni, karibu na masikio, nywele zimeanza kukatika, kwa hiyo pale atasuka kwa kulegeza. Hili la kulegeza si dogo. Madaktari wa ngozi wanaujua vizuri upara unaotokana na kuvutwa: nywele zinazobanwa na kuvutwa miezi na miaka hukatika kwenye paji la uso na pembeni, na shina likishaharibika nywele hazirudi tena. Anayejua kichwa kipi kinavumilia yeboyebo za kubana na kipi hakivumilii ameshika ujuzi ambao bango haliwezi kuutangaza. Ujuzi huo umejengwa kwa miezi, kichwa baada ya kichwa, na umekaa vidoleni mwa mtu mmoja. Ndiyo maana msusi akihama saluni, wateja wake huhama naye hata kama huko aendako bei imezidi, na ndiyo maana jirani mjanja haanzi na bango. Huanza kwa kumpigia simu msusi wako usiku.

Kuna mambo ambayo mteja huyaona mwenyewe, kama mistari iliyonyooka au rasta zinazodumu wiki sita. Hayo hayahitaji matangazo. Lakini kuna mengine asiyoyaona, na hapo bei ya chini humdanganya kwa urahisi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba mnunuzi akishindwa kupambanua gari zima na gari bovu, hakubali kulipa bei ya gari zima, na mwenye gari zima anaishia kuliondoa sokoni. Saluni nayo ina upande huo wa giza. Mteja haoni kilichomo kwenye kopo la dawa, haoni kama kitana kimeoshwa baada ya kichwa kilichotangulia, haoni kama wembe wa kutengenezea nyusi ni mpya. Na humo ndimo kwenye hatari. Dawa ya kulainisha nywele ina nguvu ya magadi makali. Ikikaa dakika chache zaidi ya kipimo, au ikisafishwa vibaya, inaunguza ngozi ya kichwa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili wa binadamu siku saba au zaidi, hivyo wembe uliomkata mtu Jumatatu bado si salama Jumapili. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani walichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 33,000 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 11: waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka waliugua saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wale wasiotumia. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha uhusiano na hauthibitishi chanzo, lakini mteja aliyeusikia ana haki ya kuuliza umempaka nini.

Basi mwenye saluni ya elfu 30 anayefanya mambo haya vizuri kimyakimya anajidhulumu. Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wafanyabiashara wengi wazuri wamefilisika wakiwa wameiegemea methali hiyo. Kizuri hujiuza pale tu kinapoonekana. Kopo la dawa lifunguliwe mbele ya mteja, asome mwenyewe tarehe ya mwisho wa matumizi na aone alama ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi nchini baada ya kazi hiyo kuondolewa kwenye iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Wembe utolewe kwenye karatasi yake mteja akitazama. Vitana vikae kwenye maji ya dawa mahali ambapo kila anayeketi anaviona. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji mtaji mkubwa, na kila kimoja kinamfanya mteja, siku atakapokaa kwa jirani, ajikute anauliza: mbona hapa kopo limekuja likiwa wazi?

Najua mwenye saluni atanijibu kwa hasira: unaniambia nimtunze msusi, na huyo msusi ndiye atakayeniibia wateja kesho! Nimfundishe, nimlipe vizuri, akishaiva afungue yake mtaa wa pili? Hofu hii ina msingi, na si vyema kuipuuza. Wengi wameijibu kwa kubana: msusi haruhusiwi kumpa mteja namba ya simu, analipwa kwa kuchelewa ili asiondoke, anakatwa hela akivunja kitana. Lakini tufuate njia hiyo hadi mwisho wake. Namba za simu hupita hata kama zimekatazwa. Mteja na msusi wanakaa pamoja saa tano, watabadilishana hadi mapishi ya pilau. Msusi aliyebanwa huanza kuwafuata wateja majumbani Jumapili, kisha Jumatatu, kisha hatumuoni tena. Kumbana kunaharakisha kilekile kilichokuwa kinaogopwa. Anayelipwa haki yake siku ileile, anayepewa asilimia kubwa zaidi kwa mteja anayerudi kumwulizia yeye kwa jina, anayelipiwa kozi ya ususi na urembo pale VETA kwa makubaliano ya kubaki kwa muda fulani, ana sababu ya kumkatalia jirani anapopiga simu usiku. Siku moja ataondoka, ndiyo. Karibu kila fundi mzuri huondoka. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kuondoka baada ya miaka minne akikuaga na kuondoka baada ya miezi minne akiwa na wateja ishirini mkobani.

Na saluni yenyewe ijifunze kukumbuka, ili kumbukumbu isibaki kwenye vidole vya mtu mmoja. Daftari la kawaida linatosha. Liandikwe jina la mteja, mtindo wa mwisho, tarehe, dawa aliyopakwa na ilikaa dakika ngapi, na kama kichwa kinauma upesi. Msusi mpya akilifungua anakutana na kichwa anachokijua tayari. Daftari hilohilo linasema nani amefikisha wiki saba bila kuonekana, na ujumbe mfupi wa kumsabahi, bila kumbembeleza, unaweza kumrudisha. Saluni nyingi zinatumia nguvu zote kuposti picha za kuwavutia wageni, na ofa nyingi ni za wageni pia: mteja mpya anapunguziwa, na yule wa miaka mitano analipa bei kamili huku akilitazama tangazo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa kawaida methali hiyo anaambiwa mteja anayehamahama, lakini mwenye saluni ndiye anayestahili kuisikia kwanza. Kama kuna punguzo la kutoa, litoke kwa kichwa cha sita cha mteja wa zamani.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Wapo watakaosema: haya ni maneno ya watu wenye hela, kwa mama anayeuza mboga Tandika, elfu tano ni mtaji wa kesho, na hatakaa kufikiria vidole vya msusi. Ni kweli, na hakuna hoja itakayoifanya elfu tano kuwa ndogo. Sehemu ya wateja itaondoka kwa sababu haina jinsi, na si usaliti. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kushusha bei ya kazi ileile ni kukubali kwamba hata jana ulikuwa unazidisha. Kuweka kazi ndogo kwa bei ndogo ni jambo jingine, na ni la heshima kwa pande zote. Twende kilioni za nywele zake mwenyewe, zisizo na rasta, zinamalizika kwa muda mfupi na hazina gharama ya pakiti. Mabutu vivyo hivyo. Mteja anaweza kuja na rasta zake alizonunua Kariakoo, akalipia mkono peke yake. Anaweza kuja Jumanne asubuhi, wakati viti viko wazi, akapata nafuu ambayo Jumamosi haiwezekani. Kwa njia hizi mwenye kipato kidogo habaki nje, na msusi hafanyi kazi ya saa sita kwa ujira wa saa nne.

Tena tukumbuke kwamba mteja hulipa pia kwa muda wake. Mama wa mboga aliyeambiwa aje saa nne na akatoka saa kumi na mbili amepoteza mauzo ya siku nzima, na hasara hiyo huenda ikaizidi elfu tano aliyookoa. Saluni inayosema saa nne ikamaanisha saa nne, na isiyomwacha mteja nusu kichwa ili kumkimbilia bibi harusi aliyeingia na wapambe wake, imeshusha gharama bila kugusa bei. Sijui kwa nini ahadi ya muda haiandikwi kwenye mabango. Pengine kwa sababu ni ngumu kuitimiza kuliko ahadi ya bei. Na ugumu huohuo ndio unaoifanya iwe na thamani: bei ya elfu 25 jirani anaiandika kwa dakika moja, lakini desturi ya kuheshimu saa ya mteja itamchukua mwaka kuijenga.

Wapo wanaotegemea wakati au serikali viwaondolee mshindani. Wanasema bei ya ufunguzi haidumu, kodi ya miezi sita ikiisha jirani atafunga. Inawezekana. Wengine walifurahi Julai 2025, amri ya Wizara ya Viwanda na Biashara ilipoorodhesha biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, saluni ikiwamo, isipokuwa zile za hotelini au za shughuli za utalii. Lakini jirani wa fremu ya tatu ni Mtanzania kama wewe, na akifunga yeye atakuja mwingine. Saluni ni biashara yenye mlango mpana: kiti, kioo, draya na mikono. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia, na kikundi cha wanawake kinachotafuta mradi kinaona saluni mapema sana. Ni jambo jema kwa nchi. Kwa mwenye saluni maana yake ni moja: mshindani wa bei nafuu si mkosi utakaopita, ni hali ya hewa ya kazi hii, na nyumba hujengwa kwa kuifikiria mvua.

Mwisho, mteja anayetusikiliza anaweza kuuliza: kwani mimi nina shida gani na ushindani? Bei zikishuka si ni heri yangu? Ni heri yako, na hoja hii haimtetei mwenye saluni mvivu. Kama elfu 30 yake ilisimama kwa sababu tu hapakuwa na saluni nyingine mtaani, jirani amekuja kumfunza adabu, na ashushe. Lakini kama ndani ya elfu 30 ile mlikuwa na dawa iliyo halali, wembe mpya, saa inayoheshimiwa na msusi aliyelipwa, basi ukiikata unakata kimojawapo kati ya hivyo, na wewe mteja hutaambiwa ni kipi.

Turudi kwa yule aliyepita mlangoni akitazama simu. Huyo hajaamua kuondoka. Ameenda kujaribu, kama ambavyo mtu yeyote angejaribu. Baada ya wiki tatu, rasta zikiwa zimeanza kuchomoka au kichwa kikiwa kinamuwasha, atatamani kurudi, na kitakachomzuia hapo hakitakuwa bei. Itakuwa aibu. Anaogopa kuulizwa mbele za watu: kumbe upo, tulidhani umetukimbia! Anaogopa msusi ashike zile rasta, acheke, aite wenzake waje waone. Wateja wangapi wamepotea moja kwa moja kwa sababu ya kicheko kimoja? Saluni inayotaka kubaki na watu wake ikubaliane mapema, bosi na wasusi wote, kwamba anayerudi haulizwi alikokuwa na kazi ya jirani haisemwi. Anavutiwa kiti, daftari linafunguliwa, na msusi anaanza kufumua taratibu, akianzia pembeni, karibu na masikio, pale anapojua kwamba panauma.